Sura ya 6: Vanadi, Pacha wa Uongo wa Fosfati

Kila mwaka watahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya hukariri jibu moja la kemia: kichocheo kinachotumika kutengeneza asidi ya salfuriki viwandani ni oksidi ya vanadi, ile inayoandikwa V₂O₅. Wanapata alama zao, kisha wengi hawalisikii tena jina hilo maishani. Kwa mwanafunzi wa Thika somo hilo liko karibu zaidi, kwa sababu asidi yenyewe imetengenezwa mjini kwake. Kampuni ya KEL Chemicals ya Thika inajulikana kwa asidi ya salfuriki na kwa mbolea ya fosfati. Popote duniani asidi hiyo inapotengenezwa kwa njia ya kisasa, gesi ya salfa hupitishwa pamoja na hewa juu ya kichocheo chenye vanadi, kwenye joto la nyuzi 450 hivi.

Vanadi inapatikana katika mambo mengine mawili ya kila siku katika Thika na miji jirani. La kwanza ni spana. Nyingi ya zile zinazouzwa katika maduka ya vifaa na vibanda vya jua kali, kutoka Makongeni hadi Ruiru, zimepigwa chapa ya Cr-V, yaani kromiamu na vanadi. Karibu tisa ya kumi ya vanadi yote inayochimbwa duniani huishia katika feleji, maana kiasi kidogo tu hufanya chuma kistahimili mkazo bila kuvunjika. La pili ni mafuta mazito, yale meusi na manato yanayobaki baada ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kuondolewa katika mafuta ghafi. Mtambo wa Thika Power, wenye uwezo wa megawati 87, ulijengwa kuzalisha umeme kwa mafuta hayo na ukaanza kazi kati ya 2013 na 2014, takriban kipindi kimoja na mitambo ya aina yake, ya Gulf Power kule Athi River na Triumph kule Kitengela.

Kwa hiyo mkazi wa Thika au Ruiru anaishi na vanadi katika sura tatu: imefungwa ndani ya chuma, imewekwa katika mitungi ya kiwanda cha kemikali, na imelala katika jivu la mafuta. Siku hizi kuna sura ya nne, vidonge vinavyotangazwa mtandaoni kwa watu wenye kisukari na kwa vijana wanaojenga misuli. Atomu ni ile ile katika zote nne, lakini mwili haukutani na atomu tupu. Unakutana na msombo fulani, kwa kiasi fulani, kupitia pua au kupitia tumbo, na hayo matatu ndiyo yanayoamua kama vanadi itapita bila kudhuru, itashusha sukari, au itamfanya mtu akohoe wiki nzima. Ili kuona sababu, inabidi tuingie ndani ya seli.

Fosfati na mwigaji wake

Maisha ya seli yanaendeshwa na fosfati, kundi dogo lenye atomu moja ya fosforasi iliyozungukwa na atomu nne za oksijeni. Nishati ya seli huhifadhiwa katika molekuli ya ATP, ambayo ina fosfati tatu zilizopangwa mstari mmoja. Fosfati ya mwisho ikikatwa, nishati inatoka na kazi inafanyika. Fosfati pia ni swichi. Vimeng'enya vinavyoitwa kinesi hubandika fosfati juu ya protini, na vingine vinavyoitwa fosfatesi huibandua. Kubandika na kubandua huko, mara nyingi mno kila sekunde, ndiko kunakoiambia seli ikue au itulie, ifyonze sukari au iiache, iwake kwa uvimbe au ipoe.

Vanadi ikiyeyuka majini penye oksijeni ya kutosha hugeuka kuwa vanadati: atomu moja ya vanadi katikati, nne za oksijeni pembeni. Umbo ni lile lile la fosfati na chaji inakaribiana nayo. Ndiyo maana vanadati huingia katika seli nyekundu za damu kwa kupitia njia zile zile zinazopitisha fosfati.

Hata hivyo, mfanano huo hauko kamili, na kasoro yake ndiyo yenye hatari. Kimeng'enya kinapokata fosfati, fosforasi hupita kwa kitambo kifupi sana katika hali ya kushikwa na atomu tano badala ya nne. Tundu la kazi la kimeng'enya limeumbika ili liikamate hali hiyo ya tano, kisha liiachilie. Fosforasi haiwezi kukaa hapo. Lazima isonge mbele. Vanadi ni atomu kubwa zaidi, na kushikwa na tano kwake ni jambo rahisi. Inaingia, inatulia, inabaki. Ni kama ufunguo ulioingia kitasani sawasawa lakini ukakataa kugeuka: mlango haufunguki, na ufunguo wa kweli hauna pa kuingilia.

Wanasayansi waligundua jambo hili kwa njia ya mzunguko. Katikati ya miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, akiwamo Lewis Cantley, walikuwa wakichunguza pampu ya sodiamu, protini iliyomo katika utando wa seli za wanyama wote. Pampu hiyo hutumia ATP moja kutoa ioni tatu za sodiamu nje na kuingiza mbili za potasiamu ndani. Neva haziwezi kupeleka ujumbe bila hiyo, na figo haziwezi kusawazisha chumvi. Tatizo lao lilikuwa ATP. Ile iliyotolewa katika misuli ya farasi na kuuzwa na kampuni za kemikali ilifanya pampu izubae, ilhali ATP ya asili nyingine haikufanya hivyo. Walitafuta uchafu uliokuwa umejificha ndani yake, na mwaka 1977 wakatangaza jibu: vanadati. Kiasi kidogo sana, kisichoonekana wala kutarajiwa, kilitosha kuisimamisha pampu katika chupa ya maabara.

Swali likazuka papo hapo. Ikiwa vanadi imo katika misuli ya farasi, na kidogo imo pia katika chakula chetu sisi, mbona pampu zetu hazisimami? Jibu ni kwamba seli hai ina kinga. Ndani yake mna glutathayoni, molekuli inayoipa vanadi elektroni na kuigeuza kutoka vanadati hadi vanadili, msombo usio na umbo la fosfati. Vanadili hushikwa na protini, na sehemu kubwa hutolewa kupitia mkojo. Zaidi ya hayo, tumbo lenyewe lina uchoyo: chini ya asilimia 5 ya vanadi tunayoila hufyonzwa, na nyingine hutoka na choo. Mlo wa kawaida humpa mtu mikrogramu 10 hadi 20 kwa siku, na kiasi hicho mwili unakimudu bila shida.

Lakini kinga ina mpaka wake. Vanadi ikiwa nyingi, kule kugeuka kutoka vanadati hadi vanadili na kurudi tena huzalisha chembe kali za oksijeni zinazounguza mafuta ya utando, protini na hata DNA. Hapo madhara ya vanadi huwa mawili kwa mpigo: inaziba vimeng'enya kwa kujifanya fosfati, na inaunguza kwa kupokezana elektroni.

Ahadi ya sukari

Wale wanaougua kisukari wana haki ya kuujua upande wa pili wa hadithi, kwa sababu ni upande uliowapa wanasayansi makini matumaini ya kweli.

Mtu mwenye afya akishakula, kongosho humwaga insulini katika damu. Insulini hugusa kipokezi chake nje ya seli ya misuli au ya mafuta, na kipokezi hicho hujibandika fosfati. Ishara hupokezwa ndani kutoka protini moja hadi nyingine, mpaka wasafirishaji wa glukosi wanapanda juu ya utando na kuivuta sukari ndani. Baada ya hapo fosfatesi, hasa ile inayoitwa PTP1B, huibandua fosfati na kuizima ishara. Katika kisukari aina ya kwanza insulini haipo. Katika aina ya pili ipo, lakini ishara yake inafifia mapema mno.

Vanadati huziba tundu la PTP1B na la ndugu zake wengi. Ishara iliyokuwa izimwe inabaki imewaka. Kwa hiyo seli iliyoguswa na insulini kidogo hutenda kana kwamba imepata nyingi, na wakati mwingine hufyonza sukari hata bila insulini.

Madaktari waliuona mwanga huu hata kabla ya kujua sababu yake. Mwaka 1899 Lyonnet na wenzake nchini Ufaransa waliwapa wagonjwa 60 chumvi ya vanadi. Watatu kati yao walikuwa na kisukari, na kwa wawili sukari ilipungua kidogo kwa muda. Insulini yenyewe haikugunduliwa hadi 1921, kule Toronto. Karibu miaka 80 baada ya jaribio la Ufaransa, kati ya 1979 na 1980, maabara tofauti zilionyesha kwamba vanadati huzifanya seli za panya zitumie sukari kana kwamba zimepewa insulini. Kisha mwaka 1985 kundi la John McNeill huko Vancouver, Kanada, likaweka vanadati katika maji ya kunywa ya panya wenye kisukari. Sukari yao ya damu ilishuka hadi karibu na ya kawaida, na mioyo yao, iliyokuwa imeanza kudhoofika, ikaendelea kupiga vizuri.

Habari hiyo ilisambaa kwa kasi, na kwa haki. Sindano ya insulini ni mzigo kwa mtoto wa miaka sita, na kwa mzee asiye na jokofu nyumbani ni mtihani wa kila siku. Kidonge ambacho kingeiondoa sindano kingekuwa baraka kubwa Kiambu kama ambavyo kingekuwa Kanada.

Watafiti wakaanza kuwajaribu watu. Mwaka 1995 madaktari wa Boston waliwapa wagonjwa kumi chumvi ya vanadi kwa wiki mbili, na wale wa aina ya kwanza wakahitaji insulini pungufu kidogo. Mwaka huo huo kundi jingine la Marekani liliwapa watu sita wa aina ya pili miligramu 100 za salfati ya vanadili kwa siku kwa wiki tatu. Sukari yao ya asubuhi ikapungua. Mwaka 2000 jaribio la wiki sita lenye watu 16 lilipandisha dozi hadi miligramu 300. Nafuu ilikuwapo lakini ndogo, na waliopewa dozi kubwa waliumwa tumbo na kuhara. Wanakemia nao hawakukaa kimya: Chris Orvig, mwenzake McNeill, aliunda misombo mipya iliyoifunga vanadi ndani ya molekuli za maltoli ili ifyonzwe kwa urahisi na isilisumbue tumbo. Mmoja wa misombo hiyo ulifika hatua ya pili ya majaribio kwa watu. Haukufika ya tatu, na hadi leo hakuna dawa ya kisukari yenye vanadi iliyoidhinishwa.

Kwa nini ahadi nzuri hivyo ikakwama? Sababu ya ndani kabisa ni kwamba vanadati haichagui. PTP1B ni moja tu katika familia kubwa ya fosfatesi, na vanadati huziziba karibu zote za familia hiyo. Inapoiacha ishara ya insulini iendelee kuwaka, huiacha pia ishara ya kukua, ya uvimbe na ya kugawanyika kwa seli. Umbali kati ya dozi inayosaidia na dozi inayodhuru ni mfupi. Panya wengi waliopewa vanadati walikunywa maji kidogo, wakakonda, wakahara, baadhi walikufa. Isitoshe, vanadi huenda mifupani na kukaa huko, hivyo mtu anayeitumia kwa miaka hujilimbikizia akiba ambayo hakuikusudia. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 151 kuhusu vanadi na kisukari aina ya pili, wakitafuta zile zenye kundi la kulinganisha, watu wa kutosha na muda wa kutosha. Hakuna hata moja iliyofuzu.

Pumzi ya jivu

Tukitoka kliniki tuingie kiwandani, tunaikuta hila ile ile ikifanya kazi mbaya tupu, bila ahadi yoyote.

Vanadi iliingiaje katika mafuta? Mwaka 1934 mwanakemia Alfred Treibs wa Munich alionyesha kwamba mafuta ya petroli yana molekuli za duara zinazotokana na klorofili, rangi ya kijani ya mimea na mwani waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Katikati ya duara la klorofili hukaa magnesiamu. Chini ya ardhi nafasi hiyo imechukuliwa na vanadi. Mafuta ghafi yakisafishwa, molekuli hizo nzito hubaki katika masalia. Kiwango cha kimataifa cha mafuta mazito ya meli huruhusu baadhi ya daraja ziwe na hadi miligramu 350 za vanadi katika kila kilo. Mafuta mengi yana pungufu ya hapo. Tuchukue mfano wa miligramu 100: tani moja ya mafuta hayo ina gramu 100 za vanadi, na yakishaungua gramu hizo haziendi popote isipokuwa kwenye jivu na moshi, sehemu kubwa zikiwa V₂O₅.

Mafundi wa injini kubwa wanaijua oksidi hii kwa kisa kingine. Huyeyuka kwenye nyuzi 690 hivi, na ikichanganyika na sodiamu huyeyuka mapema zaidi, ikagandamana na valvu za moshi na kuzila. Kwao vanadi ni adui wa chuma. Ni adui wa mapafu pia, na mapafu hayana vipuri.

Mwaka 1952 daktari aliyeitwa Williams aliandika katika jarida la Uingereza la tiba ya viwandani kuhusu wanaume wanane waliosafisha boila zilizochoma mafuta. Baada ya saa chache walianza kupiga chafya na kutokwa na kamasi, koo likawasha, kifua kikauma. Baadaye, kati ya saa 6 na 24, kikaja kikohozi kikavu, kupumua kwa mluzi na uchovu mzito. Ndimi zao zilikuwa na rangi ya kijani, rangi ambayo chumvi za vanadi hutoa zinapopokea elektroni. Ugonjwa huo ukapewa jina la mkamba wa mafundi boila, nao umeonekana tena na tena katika nchi nyingine.

Mwaka 1967 Zenz na Berg wa Marekani walichapisha majaribio kwa watu waliojitolea kuvuta vumbi la V₂O₅. Wawili waliokaa saa nane katika hewa yenye miligramu 1 kwa mita ya ujazo walikohoa kwa siku nane. Watano waliovuta miligramu 0.2 walikohoa kwa siku saba hadi kumi. Hata kwa miligramu 0.1 kamasi zilijaa kifuani. Ndiyo maana kikomo kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini wa Marekani sasa ni miligramu 0.05 za vanadi kwa mita ya ujazo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona hewani.

Kilichotokea ndani ya vifua hivyo tunaweza sasa kukieleza. Chembe za jivu hufika kwenye ukuta wa njia ya hewa na kuyeyuka katika unyevu wake. Vanadati huingia katika seli za ukuta huo bila kukutana na uchoyo wa tumbo. Huziba fosfatesi, na ishara ya uvimbe iliyopaswa kuzimwa ikabaki imewaka. Seli hutoa kemikali za kuita chembe nyeupe za damu, nazo huja kwa wingi kupigana na kijidudu ambacho hakipo. Kitendo kilichoshusha sukari ya panya wa Vancouver ndicho hiki hiki kinachomfanya msafishaji wa boila akohoe usiku kucha.

Lipo pia swali la saratani. Mpango wa Taifa wa Sumu wa Marekani uliwaweka panya katika hewa yenye V₂O₅ kwa miaka miwili na kutoa ripoti mwaka 2002: panya wadogo wa jinsia zote mbili walipata uvimbe wa saratani mapafuni. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaiweka V₂O₅ katika kundi la 2B, lile la vitu vinavyoweza kuleta saratani kwa binadamu. Kundi hilo si hukumu ya mwisho, lakini linatosha kumwajibisha mwajiri yeyote mwangalifu.

Hatari hii haiko sawa kwa wote, na ni vizuri tuseme wazi iko kwa nani. Anayepita Barabara Kuu ya Thika ndani ya matatu hayumo. Mwenye spana mfukoni hayumo, kwa kuwa vanadi iliyofungwa ndani ya chuma haitoki kwa kushikwa. Boila inayochoma kuni au maganda ya makadamia ina madhara yake ya moshi, lakini vanadi iliyomo katika mimea ni kidogo mno. Aliye hatarini ni mtu anayeingia ndani: anayekwangua masizi ya boila au ya bomba la moshi la injini ya mafuta mazito, na anayebadilisha kichocheo kilichochakaa katika kiwanda chochote cha asidi. Mara nyingi mtu huyo ni kibarua wa siku chache, aliyeletwa na mkandarasi wakati mitambo imezimwa kwa matengenezo. Hayumo katika orodha ya wafanyakazi wa kudumu, na kikohozi chake huanza akiwa amesharudi nyumbani na ujira wake mfukoni. Wakati huo huo jivu lililoganda katika ovaroli yake linapanguswa na mkewe au linavutwa na mtoto anayebebwa naye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa msemo huo ni kweli neno kwa neno.

Kinga yake inajulikana na haina gharama ya kutisha. Mitambo ipoe na ipitishiwe hewa kabla mtu hajaingia. Jivu lilowanishwe au livutwe kwa mashine yenye kichujio cha vumbi laini. Lisifagiliwe likiwa kavu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizi. Inatakiwa barakoa ya vichujio iliyokaa sawa usoni. Mfanyakazi aoge kazini na aache nguo huko huko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde anayefanya kazi katika eneo lake, na kanuni za mwaka huo huo kuhusu vitu hatari kazini zinaweka vikomo vya vumbi na gesi hewani. Kibarua wa mkandarasi anavuta hewa ile ile anayoivuta mwajiriwa wa kudumu, na anastahili kinga ile ile.

Kidonge kisicho na daktari

Inabaki sura ya nne ya vanadi. Salfati ya vanadili huuzwa kama kirutubisho, na matangazo yake huyapata masikio ya aina mbili: ya mwenye kisukari aliyechoka na dawa, na ya kijana wa jimu anayetaka kifua kipana. Nchini New Zealand mwaka 1996 watafiti waliwapa wanyanyua vyuma msombo huu kwa wiki 12, na umbo la miili yao halikubadilika zaidi ya lile la wenzao waliopewa kidonge kisicho na kitu. Kwa kijana wa jimu, basi, fedha hizo zinanunua hatari bila faida. Mayai na maharagwe yatamjenga zaidi.

Kwa mwenye kisukari tuhesabu pamoja. Mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka kikomo cha juu cha vanadi kwa mtu mzima kuwa miligramu 1.8 kwa siku, kwa kuzingatia madhara yaliyoonekana katika figo za wanyama. Salfati ya vanadili ina vanadi kati ya moja ya tano na theluthi ya uzito wake, kutegemea maji yaliyomo. Miligramu 100, dozi iliyotumika katika jaribio la pili la 1995, ni vanadi ya miligramu 20 au zaidi: mara kumi na zaidi ya kikomo hicho. Kisukari chenyewe hushambulia figo. Kuongeza juu yake madini yanayopita hapo hapo ni kuupiga mwili mahali ulipokwisha kuumia. Na ukitumia pamoja na insulini au dawa nyingine za kushusha sukari, damu inaweza kuishiwa sukari ghafla na mtu akazimia.

Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, takriban watu wazima 88 kati ya 100 nchini Kenya walisema hawajawahi kupimwa sukari. Hilo ndilo pengo kubwa la kisukari Thika, Ruiru na kwingineko. Halizibwi kwa kidonge cha ajabu. Linazibwa kwa kipimo cha kidole, kwa dawa kama metformini na insulini zinazopatikana bila kukatika, na kwa kliniki za hospitali za umma zenye wahudumu wa kutosha.

Hayo hayapunguzi thamani ya utafiti. Afrika Mashariki inajua kwamba madini makali yakifundishwa adabu huwa dawa: maelfu ya wagonjwa wa kala-azar wametibiwa kwa misombo ya antimoni. Kwa vanadi, maabara zinajaribu misombo dhidi ya vimelea vya malale na vya kala-azar, na huko Ottawa watafiti wameonyesha katika panya kwamba misombo yake huvisaidia virusi vilivyobuniwa kuua saratani. Katika maabara nyingi za biolojia ya seli, vanadati ya sodiamu hutiwa katika sampuli ili fosfati zisibanduke kabla hazijapimwa. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu ishara za seli kimepita mkononi mwake. Kazi iliyobaki ni kuifunga vanadi katika molekuli itakayoipeleka inapohitajika na kuizuia isiende kwingine. Vyuo vilivyo hapa jirani, Jomo Kenyatta kule Juja na Mount Kenya pale Thika, vina idara za kemia na za tiba zinazoweza kushiriki katika kazi hiyo.

Wakati utafiti ukiendelea, kuna jambo lisilohitaji maabara. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwaagiza wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Mwanamume akifika Hospitali ya Thika Level 5 au ya Ruiru akiwa na kikohozi kikavu na mluzi kifuani, bila homa, swali hilo linaweza kumwokoa asipewe viuavijasumu visivyo na kazi, kisha arudishwe katika boila ile ile Jumatatu. Likiulizwa na jibu likaandikwa katika faili, tutaanza kuwa na hesabu ya wagonjwa wa jivu la mafuta katika miji yetu. Na mwajiri aliyewekewa hesabu mezani hawezi tena kusema kwamba hakujua.